Wanafunzi 120, kompyuta 15: mchezo wa kreti za soda unavyofundisha uzalishaji

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha Usimamizi wa Uzalishaji na Uendeshaji katika chuo kimoja huku Nyanda za Juu Kusini. Darasa langu lina wanafunzi 120, maabara ina kompyuta 15, na intaneti inakuja na kuondoka. Nimesoma kwamba vyuo vya nje hutumia michezo ya kuigiza biashara kufundishia somo hili, lakini programu nilizoziona zinalipiwa kwa dola, kwa kila kichwa. Mkuu wangu wa idara anauliza kama wazazi wanalipa ada ili watoto waje kucheza. Je, nijisumbue? Na kama ndiyo, nianzie wapi?"

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Jisumbue, inalipa. Na kwa muhula huu wa kwanza zisahau kabisa kompyuta. Utahitaji karatasi, kalamu, saa tatu zisizokatizwa, na moyo wa kunyamaza wakati wanafunzi wako wanakosea mbele ya macho yako. Hilo la mwisho ndilo gumu.

Somo letu lina tabu yake. Mwanafunzi anaweza kukokotoa kiwango cha kuagizia upya, yaani stoo ikishuka hadi wapi ndipo uagize, akapata 80 kwenye mtihani, kisha akaajiriwa bohari na kufanya kinyume cha yote aliyoyaandika. Fomula bado anazikumbuka. Ila fomula hizo hazijawahi kukutana na hofu: hajawahi kusimama kaunta, mteja yuko mbele yake na hela mkononi, rafu nyeupe, na mzigo alioagiza haujulikani uko wapi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mchezo mzuri unamzalisha mwanafunzi huo uchungu kwa saa moja na nusu, bila mtu kufilisika.

Mchezo ninaokushauri uanze nao ulibuniwa Marekani, chuoni MIT, karibu na mwaka 1960, na kundi la Jay Forrester, mhandisi wa umeme na kompyuta aliyehamia shule ya biashara ya chuo hicho mwaka 1956. Kwao ni mchezo wa kusambaza bia. Mimi hutumia soda, kwa sababu wapo wanafunzi ambao imani zao haziwaruhusu kuishughulikia bia hata kwenye karatasi, na kwa sababu hakuna mwanafunzi wa Tanzania asiyejua kreti ya soda inavyoshuka dukani kwa Mangi.

Panga meza nne kwa mstari: duka la rejareja, muuzaji wa jumla, msambazaji, kiwanda. Kila meza ikae wanafunzi wawili, mmoja anaamua na mwingine anaandika. Timu moja basi ni watu 8, na darasa lako linatoa timu 15 kamili. Tafuta wasaidizi watatu au wanne wa mwaka wa juu wakusaidie kuzunguka. Kila meza inaanza na kreti 12 stoo, na njiani kuna kreti 4 zinazoingia kila wiki. Kila wiki duka linafunua kadi moja ya mahitaji ya wateja, linatoa mzigo, kisha linaandika kwenye kikaratasi linaagiza kreti ngapi kwa muuzaji wa jumla. Kikaratasi hicho kinachukua wiki mbili kufika. Mzigo nao unachukua wiki mbili kushuka. Muuzaji wa jumla anafanya vivyo hivyo kwa msambazaji, msambazaji kwa kiwanda, na kiwanda kinaamua kitengeneze kreti ngapi, nacho kinasubiri wiki mbili kuzipata.

Kreti iliyolala stoo inagharimu shilingi 500 kwa wiki. Kreti ambayo mteja ameagiza na hukuwa nayo inagharimu shilingi 1,000 kwa wiki, na deni hilo halifi. Linabaki mpaka ulilipe. (Katika mchezo asilia ni nusu dola na dola moja, uwiano ni uleule.) Lengo ni gharama ya timu nzima iwe ndogo kuliko ya timu nyingine. Meza haziongei. Kinachopita kati yao ni kikaratasi cha oda na mzigo tu.

Kwenye zile kadi ulizofunika, andika hivi: wiki ya 1 hadi ya 4, kreti 4. Kuanzia wiki ya 5 hadi mwisho, kreti 8. Basi. Mahitaji yanapanda mara moja na hayasogei tena.

Sasa fanya hesabu ya mwenye duka. Wiki ya 5 anapokea 4 na kutoa 8, kwa hiyo stoo inashuka kutoka 12 hadi 8. Wiki ya 6 inabaki 4. Wiki ya 7 inabaki 0. Wiki ya 8 anadaiwa kreti 4. Na haya yanamkuta hata kama wiki ileile ya 5 aliagiza 8, kwa sababu oda hiyo haiwezi kumfikia kabla ya wiki ya 9. Hajakosea kitu na bado ana deni. Hapo ndipo hofu inapoingia. Anaagiza 12. Mzigo hauonekani, anaagiza 16, kisha 20, akisahau kwamba zile 12 na zile 16 bado ziko njiani zinamjia. Muuzaji wa jumla, ambaye hamwoni mteja, anaona tu oda zinavimba. Naye anaongeza zake juu. Zikifika kiwandani zimekuwa milima. Halafu mzigo wote unashuka kwa pamoja, stoo zinafurika, na kwa wiki nyingi hakuna anayeagiza hata kreti moja. Kiwanda kinakaa kimya kikidhani watu wameacha kunywa soda, wakati dukani wateja wanachukua 8 zao kila wiki.

Wenye taaluma huliita jambo hili athari ya mjeledi: kiganja kinacheza kidogo, ncha inazunguka hewani. John Sterman wa MIT alichapisha mwaka 1989 matokeo ya michezo ya namna hii, na gharama za timu kwa wastani zilikuwa karibu mara 10 ya kiwango bora kinachowezekana. Waambie wanafunzi wako namba hiyo baada ya mchezo, kamwe isiwe kabla. Itawaondolea aibu.

Tangaza kwamba mtacheza wiki 50, kisha simamisha ghafla wiki ya 36. Wakijua mwisho ulipo watamaliza stoo kwa makusudi ili hesabu ipendeze, na utakuwa umewafundisha ujanja wa kufunga mwaka badala ya uendeshaji.

Mchezo ukisimama ndipo kazi yako inapoanza, na hapa nakuomba unisikilize kuliko mahali pengine popote katika barua hii. Mara yangu ya kwanza niliyamaliza masaa kwa kueleza kanuni, tukacheza mpaka kengele, nikawaahidi kwamba mjadala tutaufanya wiki ijayo. Wiki ijayo walikuja wakikumbuka jambo moja tu: nani aliwaponza. Muuzaji wa jumla wa timu moja alikuwa bado amenuniwa. Kile ambacho nilitaka wakione kilikuwa kimekwisha kuyeyuka. Tangu hapo nagawa saa tatu zangu hivi: dakika 20 kanuni, dakika 80 mchezo, dakika 80 mazungumzo. Mchezo ukichelewa, nakata mchezo. Mazungumzo siyagusi.

Kwanza, kila meza ichore grafu ya oda zake wiki kwa wiki na kuibandika ukutani, duka chini, kiwanda juu. Wataona wenyewe mawimbi yanavyokua yakipanda. Kisha ziombe meza tatu za juu, ambazo hazijaona kadi hata moja, zichore wanavyodhani wateja walikuwa wakinunua. Watakuchorea Kilimanjaro na Bonde la Ufa. Wengine watasema ilikuwa sikukuu, wengine watasema kuna mshindani aliingia sokoni. Waache wamalize. Halafu funua kadi: 4, 4, 4, 4, 8, 8, 8, 8.

Darasa litanyamaza. Usikiharakishe kimya hicho. Katika sekunde hizo mtu aliyekuwa amemnunia mwenzake meza ya pili anagundua kwamba mwenzake alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile kama yeye, na kwamba ukiwabadilisha viti yangetokea yaleyale. Hilo ndilo somo: muundo wa mnyororo na ucheleweshaji wake ndivyo vinavyozalisha fujo, na watu wema wenye akili wanaweza kuizalisha bila kukusudia. Mimi sijui mhadhara wa slaidi unaoweza kuliingiza jambo hili kichwani kama linavyoingia hapo.

Kutoka hapo wapeleke kwenye maisha. Mtaalamu wa ugavi Hau Lee na wenzake waliandika mwaka 1997 juu ya nepi za Procter & Gamble: watoto wachanga wanachafua nepi kwa kasi ileile siku zote, mauzo ya madukani yaliyumba kidogo tu, lakini oda za wasambazaji ziliyumba sana, na oda za kampuni yenyewe kwa wauzaji wake wa malighafi zikayumba zaidi. Walitaja sababu nne: kila mtu kukisia mahitaji kutokana na oda za aliye chini yake, kuagiza kwa mafungu makubwa, bei za ofa zinazopanda na kushuka, na watu kuagiza zaidi ya wanachohitaji pale bidhaa inapogawiwa kwa mgao. Hiyo ya nne hawahitaji kuisoma. Mwanzoni mwa 2024 mvua kubwa zilipunguza uzalishaji wa sukari Tanzania, ikaadimika, bei ikapaa. Waulize nyumbani kwao siku sukari ilipoonekana walinunua kilo ngapi, na kama walihitaji zote wiki ile.

Kuna mwanafunzi atasema dawa ni rahisi, meza ziongee tu, kila mtu aone kadi za wateja. Ni kweli kwa sehemu, lakini usimwache aondoke na jibu hilo hivihivi. Muulize kwa nini Mangi wa mtaani kwao hamwambii muuzaji wa jumla anauza kiasi gani. Pengine anachukua bidhaa kwa mali kauli na hataki ijulikane ameuza upesi, asije akadaiwa mapema. Pengine ana wauzaji wa jumla wawili na anawashindanisha. Mchezo hauna mikopo, hauna bei, hauna lori lililokwama. Kuyataja yasiyomo kwenye mchezo ni nusu ya mafundisho yake.

Mchezo huo unafundisha mnyororo wa ugavi. Kwa mambo ya ndani ya kiwanda nina miwili midogo, ambayo kila mmoja unaisha ndani ya kipindi kimoja.

Wa kwanza ni wa dadu. Wanafunzi watano wanakaa kwa mstari, kila mmoja ni kituo cha kazi mwenye dadu moja. Anarusha, na namba inayotoka ni uwezo wake wa raundi hiyo; anasogeza njiti za kiberiti kwa aliye mbele, lakini hawezi kusogeza asizo nazo. Kabla ya kuanza waulize: wastani wa dadu ni 3.5, raundi 20, njiti ngapi zitatoka mwisho? Watajibu 70. Hazitatoka 70. Raundi ya kwanza, wakati hakuna akiba kati ya vituo, kinachotoka ni namba ndogo kuliko zote tano zilizorushwa, na wastani wa hiyo ni karibu 1.57, yaani chini ya nusu ya 3.5. Baadaye njiti zinalundikana mahali fulani na kwingine mtu anakaa mikono mitupu. Aliyerusha 6 akiwa na njiti 2 amepoteza 4 ambazo hazirudi, na aliyerusha 1 amewachelewesha wote walio mbele yake. Uwezo sawa kila kituo, ambao kwenye karatasi unaonekana haki na nadhifu, ndio unaoliza. Ukishamaliza, rudia kwa kumpa mmoja wa katikati dadu mbili, kisha kwa kuweka njiti 4 kati ya vituo mwanzoni, na waache walinganishe.

Wa pili ni kiwanda cha mifuko ya karatasi. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019 kila mtaa una watu wanaokunja hii ya karatasi, kwa hiyo si jambo la kufikirika. Gazeti la zamani, gundi ya unga, watu wanne, kila mmoja hatua yake. Tuseme kila hatua inachukua sekunde 10. Wakifanya kwa mafungu ya 10, kila mtu akimaliza 10 ndipo apitishe, mfuko wa kwanza unatoka baada ya sekunde 310 na wa kumi baada ya 400. Wakipitisha mmoja mmoja, wa kwanza unatoka sekunde ya 40, wa kumi sekunde ya 130. Watu walewale, mikono ileile, hakuna aliyeongeza kasi. Na lile kosa la gundi aliloanza nalo mtu wa pili linaonekana kwenye mfuko mmoja badala ya kumi. Hapa ndipo mahali pazuri pa kuingiza kanuni ya Little, aliyoithibitisha John Little mwaka 1961: vitu vilivyo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuingia mara muda ambao kila kimoja kinakaa. Karakana yenye kazi 120 zinazoendelea na inayotoa 30 kwa siku inamkalisha mteja siku 4. Akitaka siku 2 bila kuongeza mashine, apunguze kazi zilizolundikana ziwe 60.

Kuhusu michezo ya kompyuta, sikukatazi, nakuchelewesha. Unaojulikana sana katika somo letu ni Littlefield, ulioandaliwa Marekani, chuoni Stanford, miaka ya 1990 na Sunil Kumar na Samuel Wood. Timu inaendesha kiwanda kinachounganisha vipokezi vya setilaiti chenye vituo vitatu, oda zinaingia bila mpangilio, na ukichelewesha oda, malipo yanashuka. Inabidi uamue lini ununue mashine na lini uagize malighafi, huku kiwanda kikienda saa zote hata ukilala. Kina jambo moja ninalolipenda: kazi inapita kituo cha upimaji mara mbili, kwa hiyo anayehesabu vituo bila kuhesabu mizigo ya kila kituo anabanwa palepale. Lakini mchezo huo unalipa kwa darasa lililokwisha kujua kukokotoa uwezo wa kituo. Asiyejua atabonyeza na kubahatisha, na akishinda hatajua kwa nini. Kwa sababu hiyo kwangu mpangilio ni huu: mchezo wa soda unatangulia nadharia, ule wa kompyuta unaifuata. Ukifika huko, kompyuta 15 zinatosha. Timu 15 za watu wanane, kompyuta moja kila timu, na kwa kuwa maamuzi si ya kila dakika, kukatika kwa intaneti hakukuharibii.

Jambo la alama: usitoe hata moja kwa kushinda. Timu inaweza kushinda kwa bahati, au kwa sababu mwenye kiwanda alisinzia na kuagiza 8 tu kila wiki. Ukiweka alama hapo watatafuta kadi zako za mwaka jana, na watazipata. Toa alama kwa kurasa mbili ambazo kila mwanafunzi anaandika peke yake: wiki gani alianza kuogopa, aliagiza ngapi, kreti ngapi zilikuwa njiani wakati huo, na kwa namba hizo angeagiza ngapi leo. Ninapozisoma ndipo ninapojua nani ameelewa. Mwaka mmoja binti aliyekuwa msambazaji, timu yake ya mwisho kabisa, aliniandikia hesabu ya mzigo uliokuwa njiani wiki kwa wiki mpaka akafika wiki ya 11, akaandika: hapa nilikuwa nimeshaagiza vyote nilivyohitaji na bado niliagiza mara tatu zaidi. Nilimpa alama za juu kuliko wote.

Sasa mkuu wako wa idara. Mwambie kwa heshima kwamba jambo hili lilianza kiwandani: mwaka 1932 huko Leningrad Mary Birshtein aliandaa mchezo wa kuwafunza mameneja wa kiwanda cha taipureta, na miaka ya 1950 shirika la mameneja la Marekani, AMA, lilikuwa tayari linawafunza wakurugenzi kwa mchezo wa kompyuta. Lakini usitegemee historia peke yake kumshawishi. Mwalike siku ya mchezo. Mkalishe meza ya kiwanda ya timu mojawapo, mpe kalamu, na usimwambie kadi zina nini. Akipungukiwa na muda wa kukaa mpaka mwisho, mwombe angalau abaki mpaka wiki ya 20, kwa sababu mawimbi yanachukua muda kumfikia aliye juu kabisa, na akiondoka wiki ya 10 atadhani hakuna kilichotokea.